Toka Mabango, Ingia Mabano

Pale Buzuruga, juu ya duka la mabati na misumari,
bado limesimama bango langu la sabuni.
Jua limemla yule mama anayecheka,
yamebaki meno na povu,
na chini yake maneno yangu matatu:
NG'AA KULIKO JIRANI.

Miaka kumi na mmoja nilikula kwa maneno ya aina hiyo.
Soda niliigeuza undugu,
godoro nikaligeuza ndoa,
mkopo wa riba nikauita mkono wa mama.
Hakuna aliyeniuliza, ni kweli?
Waliuliza, linanata?

Siku ya kuacha, Bwana Kulwijila alizungusha kalamu mezani.
"Nyamizi, una miaka thelathini na tisa.
Hao unaokwenda kukaa nao dawati moja
walikuwa darasa la pili ulipoandika lile la sabuni."
Nikasema najua.
Sikumwambia jinsi mkono wa mama ulivyonirudia
kwa kinywa cha mke wa mlinzi wetu:
alilitamka tangazo zima, hakukosea hata neno,
huku akinionyesha ukutani
alama ya mraba, safi,
pale friji ilipokuwa.

Mwenye nyumba, kule juu mawe ya Igogo,
aliuliza siku hizi nashughulika na nini.
Najifunza kodi, nikasema. Za kompyuta.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Kodi huijui, mwanangu, hilo naliona.
Huu mwezi wa pili."

Basi nikaingia mabano.
Fungua, funga. Ukifungua, funga.
Nkwabi, mwalimu wangu, ana miaka ishirini na mbili na kandambili,
hunisahihisha kwa heshima, kama anayemtoa shangazi yake mwiba:
"Dada, hapa umesahau nukta-mkato."
Nukta-mkato!
Mimi niliyewauzia watu wa ziwani maji ya chupa.

Nilijaribu ujanja wa zamani.
Niliipamba kazi rangi, nikaipa kichwa kitamu.
Mashine ikanitazama.
Haitongozeki hii.
Haina jirani wa kumwonea wivu.
Ikarudisha mstari mmoja mwekundu:
mstari wa kumi na nne, kuna kitu hakipo.
Nililia kidogo, si kwa uchungu.
Ni muda mrefu sijaambiwa hivyo, waziwazi.

Usiku mwingine wadudu wa ziwa walikuja kama moshi,
wakajaa kwenye taa, kwenye chai, kwenye kioo.
Nkwabi akanipigia: "Kazi yako ina mdudu."
Nikachukua kitambaa, nikapangusa.
Aliponielewa
tulinyamaza wote wawili, kisha simu ikajaa kicheko.

Tovuti yangu ya kwanza ni ya shangazi Bihemo,
mwuza dagaa, Mwaloni Kirumba.
Niliandika, mkono ukiwa bado na mazoea:
DAGAA BORA KULIKO WOTE.
Aliisoma kwa kidole gumba chenye magamba,
akasonya.
"Bora kuliko wa nani? Wa Kagori hapo pembeni?
Ziwa si moja?
Andika hivi. Wa chanja, bei yake.
Wa mchangani, bei yake.
Na useme wa mchangani wana mchanga."
Shangazi, nani atanunua mchanga?
"Wewe andika."

Niliandika. Sikulala vizuri.
Siku ya tatu mtu wa Kahama akapiga,
anataka wale wenye mchanga, magunia manne.
Wa kuku.

Sijatajirika. Kodi ya mwezi mmoja nimelipa,
mmoja bado unanitazama.
Nikipita Buzuruga naangalia upande wa pili wa barabara,
halafu naangalia tu.
Meno, povu.

Simu inalia, saa kumi na moja alfajiri,
nyuma ya sauti kuna mitumbwi na matusi ya wachukuzi.
"Wa chanja wameshuka mia tano. Umeamka?
Badilisha."
Nafungua. Mstari wa thelathini na moja.